Kutafuta kura, kukagua redio: shajara ya wadi moja ya Eastlands

22 Septemba 2025

Leo tumeanza. Kazi ni mbili na tumeamua ziende sambamba. Ya kwanza ni kumwandaa mgombea huru wa kiti cha mwakilishi wadi, uchaguzi wa 10 Agosti 2027. Ya pili ni kusikiliza na kusoma kila linalosemwa kuhusu wadi yetu kwenye redio na magazeti yanayohudumia Nairobi, kuliandika, na kudai marekebisho panapostahili. Wadi yenyewe sitaitaja. Ni mojawapo ya wadi 85 za kaunti hii, iko Eastlands, upande wa mashariki wa jiji, na anayeishi huku ataitambua kwa mitaro yake.

Sababu ya kuziunganisha ni hii. Mwaka 2022 mpiga kura wa hapa alikabidhiwa karatasi sita. Kuhusu ile ya urais alikuwa amesikia uchambuzi asubuhi na jioni kwa mwaka mzima. Kuhusu ile ya wadi alikuwa na mabango, kipaza sauti juu ya pikapu na maneno ya stejini. Ilhali Jedwali la Nne la Katiba limeipa kaunti taka, taa za barabarani, mitaro ya maji ya mvua, masoko, zahanati na shule za chekechea, yaani mambo yote yanayomfanya mtu wa ploti alale vizuri au vibaya. Vyombo vya habari hufika huku mafuriko yakija, kama ilivyokuwa Mathare 2024, au jengo likiporomoka. Vikiondoka, kinachobaki hewani ni taarifa za ofisi za wanasiasa.

Tumegawana meza mbili. Meza ya kampeni iko chini ya mwalimu mstaafu. Meza ya usikilizaji iko chini ya mama anayeuza mitumba soko la Gikomba, ambaye redio yake haizimwi tangu alfajiri. Aliye meza moja haruhusiwi kukaa nyingine. Vijana wameona ni urasimu wa bure. Nimewaambia mhariri yeyote mwenye akili atauliza swali moja tu: mnalalamika kama wakazi au kama wapambe?

29 Septemba

IEBC, tume ya uchaguzi, imefungua tena uandikishaji wa wapiga kura, katika ofisi za maeneo bunge. Habari njema, ila ofisi ya eneo bunge si mlango wa pili. Kijana anayesubiri kibarua asubuhi hawezi kupoteza nusu siku na nauli ya kwenda na kurudi kwa uchaguzi ulio karibu miaka miwili mbele. Meza ya kampeni imepanga watu waende kwa makundi Jumamosi. Kila mtu ajilipie matatu. Hatutaki baadaye isemwe tulisafirisha kura.

4 Oktoba

Jumatano, taarifa ya saa moja asubuhi, kituo kimoja cha FM kilitangaza kwamba taa zote za mulika mwizi, zile za milingoti mirefu, katika wadi yetu zimekarabatiwa na kwamba wakazi wameshukuru. Mama wa mitumba alinakili saa, jina la msomaji na sentensi yenyewe, kisha akanipigia. Hakuanzisha kelele kwenye kundi la WhatsApp, jambo ambalo zamani lingekuwa la kwanza.

Usiku huo vijana wawili wa boda boda walizunguka mlingoti kwa mlingoti. Ule wa karibu na soko ni giza tupu. Wa zahanati una taa moja inayowaka, nyingine zimekufa. Wa shule ya msingi ndio mzima, na hapo ndipo picha ya uzinduzi ilipopigwa. Walipiga picha kila mlingoti, na palipokuwa na bawabu wakamuuliza giza hilo ni la tangu lini.

Habari ile ilikuwa imechukuliwa neno kwa neno kutoka taarifa ya ofisi ya mwanasiasa. Hakuna mtu wa huku aliyepigiwa simu.

Barua yetu haikuzidi ukurasa mmoja. Tulitaja tarehe, saa, sentensi iliyotangazwa, tulichokiona usiku, na ombi letu: marekebisho katika taarifa ya saa ile ile. Tukakumbusha kwamba kanuni za maadili zilizo chini ya Sheria ya Baraza la Vyombo vya Habari ya 2013 zinataka pande zote za habari zisikike kila inapowezekana, na kosa likijulikana lirekebishwe bila kuchelewa. Kijana mmoja wetu alitaka sana tuandike "mmenunuliwa". Nikamwambia, ndugu yangu, hilo huna ushahidi nalo, na ukiliweka mhariri atajibu hilo pekee, taa azisahau.

Jana pia tulipeleka ombi la habari kwa ofisi moja ya umma hapa jijini: mwaka wa fedha uliopita mlilipa vyombo gani vya habari, kiasi gani, kwa matangazo na vipindi maalumu? Karani alitaka tukaliandike upya kwa Kiingereza. Mzee wetu wa nyumba kumi akatoa nakala ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, akaweka kidole kwenye kifungu cha 8, kinachoruhusu Kiingereza au Kiswahili. "Mwanangu, soma hapa polepole, mimi sina haraka." Likapokewa na kugongwa muhuri.

10 Oktoba

Wamerekebisha. Ni sentensi mbili, zimesomwa haraka, lakini saa ni ile ile na wadi imetajwa kwa jina. Zaidi ya hapo, mwandishi wao alikuja jioni akapanda boda na vijana, akajionea.

Tulikunywa naye chai kibandani, kila mtu na bili yake. Analipwa kwa habari iliyotumika; nauli na kredo ni juu yake. Mwanasiasa akiita wanahabari, nauli ipo na chakula kipo. Mkazi akipiga simu kuhusu mtaro, hakuna kitu. Bahasha siitetei, na kanuni zao zenyewe zinawataka wakatae zawadi na upendeleo. Lakini anayedhani shida yote ni tabia ya kijana huyu hajawahi kuishi kwa malipo ya habari moja moja, wakati vyumba vya habari vinapunguza watu kila mwaka.

Tumeamua tutakachowapa wanahabari: picha zenye tarehe, nakala za stakabadhi, na namba za wakazi waliokubali kuhojiwa kwa majina yao. Nauli hatutoi, hata ya boda.

15 Oktoba

Raila Odinga amefariki leo asubuhi akiwa India. Wazee wa hapa wamempigia kura au wamempinga maisha yao yote ya utu uzima, na leo hakuna mwenye hamu ya kusikia habari za mgombea wa wadi. Kazi imesimama mpaka baada ya mazishi.

25 Oktoba

Siku 21 ambazo sheria inaipa ofisi ya umma kujibu zimekwisha jana. Kimya. Mzee wa nyumba kumi ameandika kwa Tume ya Haki za Kiutawala, ile ambayo wengi huiita ofisi ya Ombudsman, kuomba uamuzi huo wa kimya upitiwe. Ameambatisha nakala yenye muhuri, na sasa tunaona faida ya kumkalia karani yule kitako.

Wengine kwenye kikao waliuliza mambo ya matangazo yanatuhusu nini sisi watu wa mitaro. Yanatuhusu. Kituo kinachoendeshwa kwa tangazo la ofisi fulani kitaona tabu kuuliza taa za ofisi hiyo ziko wapi. Asiyeamini akumbuke Machi 2024, serikali kuu ilipoagiza wizara na mashirika yake yatangaze kupitia KBC, shirika la utangazaji la serikali, pekee: vyumba vya habari vilijua mara moja ni kiasi gani cha mshahara wao kinatoka wapi.

8 Novemba

Utaratibu wa meza mbili umepata mtihani wake.

Mwezi uliopita bomba lilipasuka kwenye barabara ya nyuma ya soko. Akina mama wa ploti za upande ule walifuatilia wenyewe, ofisi hadi ofisi, bili mkononi, mpaka likazibwa. Mgombea wetu, ambaye ni mhudumu wa afya ya jamii, alifika siku ya mwisho akapigwa picha nao. Jumanne asubuhi mtangazaji wa kipindi kinachosikilizwa sana akasema hewani kwamba mgombea wetu ndiye aliyerudisha maji, na kwamba "huyu ndiye kiongozi tunayemtaka".

Meza ya kampeni ilishangilia. Kabla ya saa nne sauti ile ilikuwa imekatwa na kusambazwa kila kundi la mtaa. Mama wa mitumba naye alikuwa amekwisha kuijaza kwenye daftari: tarehe, saa, kituo, kosa.

Kikao cha jioni kilikuwa kikali. Mwalimu, mtu mpole kwa kawaida, alisema wapinzani wetu hupewa sifa zisizo zao kila wiki na hakuna anayeandika barua. Sisi tumepata moja ya bure tunataka kuirudisha. Mama wa mitumba alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mkuki kwa nguruwe, sivyo Mwalimu?" Watu wakacheka, yeye hakucheka. Mwalimu akajibu kwamba siasa haina msahafu, na anayejinyima ushindi kwa ajili ya daftari atabaki na daftari lake. Ninamwelewa. Kiti cha wadi huamuliwa kwa kura chache, na jina linalotajwa hewani saa moja asubuhi ni mali.

Tukampigia mgombea mwenyewe. Hakufikiri sana. "Andikeni. Wale akina mama ninakutana nao sokoni kila siku. Wanajua nilifika lini." Hakuleta maneno ya maadili, na ndiyo maana nilimwamini: alikuwa anahesabu wapiga kura kwa njia yake.

Barua ikaenda. Mtayarishaji wa kipindi akapiga simu kuuliza kama ni ya kweli au kuna mtu anatuchezea, kwa sababu hajawahi kuona upande uliosifiwa ukidai sifa ziondolewe. Alhamisi akina mama wawili walikuwa hewani kwa simu wakieleza jinsi walivyolifuatilia bomba. Walieleza vizuri kuliko mwanasiasa yeyote, pamoja na majina ya fomu walizojazishwa.

Vijana wawili wa meza ya kampeni wamejitoa. Mmoja nimesikia anamfanyia kazi mpinzani. Sawa tu.

15 Novemba

Kuna picha inazunguka: "utafiti" wa wadi yetu, asilimia kwa kila anayemezea mate kiti, nembo isiyojulikana chini. Mtangazaji mmoja wa jioni akaisoma kama habari. Sheria ya 2012 ya kutangaza kura za maoni za uchaguzi imeweka maswali ambayo chombo cha habari kinapaswa kuyajibu: nani aligharamia, wangapi waliulizwa, waliulizwa swali gani, pengo la makosa ni kiasi gani. Tunayatumia hata sasa, mbali na msimu wenyewe, kwa sababu ni maswali mazuri. Tulimtumia yote kwa SMS. Kesho yake alisema kipindini kwamba hawezi kuthibitisha ule utafiti na wasikilizaji waupuuze. Hakuna barua iliyohitajika.

22 Novemba

Hii si nyepesi. Gazeti moja linaloangazia kaunti za ukanda huu lilichapisha habari ya magenge ya Eastlands, na chini ya kichwa kikubwa likaweka picha ya vijana wa pale tunapooshea magari. Habari yenyewe haiwataji kabisa. Ni vijana wanaoosha matatu. Ninawajua tangu wakiwa na kamasi. Mmoja alikuwa ameahidiwa kazi ya ulinzi, mwajiri akaiona picha, simu haipokelewi tena.

Mhariri alijibu barua yetu kwa mstari mmoja: picha ilikuwa ya kielelezo tu. Kanuni zinataka kichwa kilingane na kilicho chini yake, na kielelezo chenye sura ya mtu ni mtu.

Tumewasaidia vijana kupeleka malalamiko kwa Tume ya Malalamiko iliyoundwa na ile Sheria ya Baraza la Vyombo vya Habari. Wanaolalamika ni wao, kwa majina yao, si kikundi chetu wala mgombea wetu. Tume inaweza kuagiza marekebisho na kuomba radhi, inaweza kukemea hadharani, na sheria inaipa uwezo wa kutoza faini isiyozidi shilingi 500,000 kwa chombo na 100,000 kwa mwandishi. Vijana hawakuomba faini. Wameomba radhi ichapishwe ukurasa ule ule, na picha iondolewe mtandaoni. Ibara ya 35 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kurekebishiwa au kufutiwa habari ya uongo inayomhusu; mmoja wao ameiweka ibara hiyo kwenye simu yake na humsomea kila dereva anayesimama.

Ili nisionekane kama ninaona vyombo vyote ni vibaya: redio za jamii kama Koch FM ya Korogocho na Pamoja FM ya Kibera zimeonyesha kwa miaka mingi kwamba habari za mtaa zinaweza kusomwa na watu wanaoishi mtaani. Mtangazaji anayekutana na msikilizaji wake kwenye foleni ya maji huchunga ulimi.

28 Novemba

Jana kulikuwa na chaguzi ndogo nchini, na Nairobi ilikuwa na moja tu: wadi ya Kariobangi Kaskazini. Kwetu ilikuwa shule ya bure. Meza ya usikilizaji ilifuatilia taarifa kuu za siku nzima. Maeneo bunge ya Mbeere Kaskazini, Malava na Kasipul yalipata magari ya matangazo ya moja kwa moja, wachambuzi na ramani. Wadi iliyo mwendo mfupi kutoka vyumba vya habari vyenyewe ilipata sentensi za kupitia.

Meza ya kampeni ilijifunza jambo la vitendo zaidi. Mwaka 2022 fomu za 34A za matokeo ya urais ziliwekwa kwenye tovuti ya IEBC na taifa zima likakesha likizijumlisha. Matokeo ya mwakilishi wadi yako kwenye fomu 36A, na nakala yake hubandikwa kituoni. Usipoipiga picha usiku huo, utategemea maneno ya watu. Kituo kimoja hakizidishi wapiga kura 700, kwa hiyo kazi ni kuwa na mtu mmoja mwenye simu yenye chaji katika kila kituo cha wadi. Tukiwa na picha zote tunaweza kuvipa vyombo vya habari hesabu ambayo vyenyewe havitaifanya. Mwalimu amechukua jukumu hilo na uso wake umerudi kung'aa.

6 Desemba

Katiba, ibara ya 85, inamtaka mgombea huru awe nje ya chama chochote kwa angalau miezi mitatu kabla ya uchaguzi. Tulimwomba wetu aangalie hali yake kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, tukitarajia orodha tupu. Ameandikishwa katika chama ambacho hajawahi kukanyaga ofisi yake. Si ajabu, mwaka 2021 Wakenya wengi waligundua jambo hilo hilo. Amejiuzulu na kuhifadhi uthibitisho. Fikiria angegundua Julai 2027.

Sahihi 500 za wapiga kura wa wadi, ambazo mgombea huru hutakiwa kuwa nazo, hatujaanza kuzikusanya, na nimekataa watu kuandika namba za vitambulisho kwenye madaftari ya shule. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na kuna majirani wanaoweza kukopa kwa simu kwa namba ya kitambulisho cha mwingine.

13 Desemba

Yule mtayarishaji wa kipindi cha maji ametualika. Anataka mgombea wetu studioni Januari, nusu saa. Tulifurahi hadi jioni, idara yao ya biashara ilipotuma orodha ya bei. Nusu saa ile inalipiwa, na msikilizaji haambiwi. Tulipouliza wengine waliowahi kukaa kiti hicho, tuliambiwa kwa upole kwamba hiyo ni siri ya mteja.

Hapa meza zote mbili zilikubaliana, jambo nadra. Tumejibu kwa barua kwamba hatutanunua. Tumeomba waite wote waliotangaza nia katika wadi, muda sawa, maswali yatoke kwa wakazi, na kipindi chochote kilicholipiwa kitajwe hivyo mwanzoni na mwishoni. Mtayarishaji anasema binafsi anaafiki, lakini bosi wake ataangalia nani anajaza lile pengo la pesa. Ni hoja ya kweli na sina jibu lake zaidi ya kwamba kampeni yetu haiwezi kuwa ndiyo inayolijaza.

Ofisi ile ya umma imejibu, baada ya Tume ya Haki za Kiutawala kuiandikia. Imetoa jumla ya mwaka bila majina ya vyombo. Mzee wa nyumba kumi anaandika tena. Malalamiko ya vijana wa kuosha magari yamepokewa, tunasubiri tarehe ya kusikizwa.

Kuanzia wiki ijayo nusu ya mtaa itakuwa ushago. Mama wa mitumba hasafiri, Gikomba ina soko zuri Desemba, kwa hiyo asubuhi ni zake. Jioni zimechukuliwa na bawabu wa zahanati, ambaye yuko macho hata hivyo. Taa ya pili pale kwake imewashwa; ya tatu bado. Barua ya kukumbusha itapelekwa 5 Januari, ofisi zikifunguliwa.